Riwaya za Mbali, Mambo ya Kwetu

Wapo wadaio kwamba riwaya za wanawake wa nchi za mbali hazimhusu msomaji wa Marani. Na wasome Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya aliyoitoa Mariama Bâ wa Senegali mwaka 1979. Ramatoulaye, ambaye mumewe alimtelekeza akaoa rafiki wa binti yao, anafiwa na mume huyo. Punde shemeji anakuja kumposa kana kwamba yeye ni sehemu ya urithi. Anamkataa waziwazi. Je, desturi ya kurithi wajane ni ngeni Gusii? Walimu na wazazi, wapeni wavulana pia kitabu hiki. Mjane asemapo hapana, wao ndio wapaswao kusikia.