Mashine Iliyofuata Mdundo

Je, wajua kwamba iliwahi kujengwa mashine iliyojaza ghala la ghorofa mbili, na kazi yake ilikuwa kusindikiza wimbo mmoja wa roki?

Ghala hilo lilikuwa Echo Park, Los Angeles. Wenye wimbo ni OK Go, bendi ya wanamuziki wanne iliyoanzia Chicago. Februari 2010 walirekodi humo video ya "This Too Shall Pass", chini ya mwongozaji James Frost. Mashine yenyewe waliijenga pamoja na mafundi wa Syyn Labs, kwa masharti magumu: pasiwe na kiini macho, mambo yaanze madogo yaishie makubwa, na kila tukio liangukie kwenye mdundo wake.

Lori dogo la kuchezea linasukumwa, linagonga dhumna. Dhumna zinaangushana, gololi zinaanza kubingirika. Njiani vinagongwa vyombo vya glasi vilivyopangwa kwa sauti zake, na kwa muda mfupi mashine inapiga muziki yenyewe. Baadaye piano inaporomoka, nyundo kubwa inapasua runinga, na mwisho wanamuziki wanne wanarushiwa rangi mwili mzima.

Ni fizikia tupu. Kitu kilichoinuliwa kina nishati iliyolala. Kikidondoka, nishati hiyo inaamka na kukisukuma kinachofuata. Ugumu uko kwenye muda. Wimbo haumsubiri mtu, kwa hiyo gololi ikichelewa kidogo tu, mdundo umeshapita. Kuirekebisha ni kuongeza au kupunguza mwinuko wa njia yake, kisha kujaribu tena.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Mtu angedhani piano ndiyo kigeugeu. La hasha, piano ni nzito, ikiachiwa itaanguka tu. Wasumbufu ni wadogo. Chembe ya vumbi, au unyevu kidogo kwenye ubao, yatosha kuitoa gololi njiani. Kwa hiyo vitu vidogo kuwekwa mwanzoni kulikuwa na faida ya pili, mbali na kupendeza macho: mambo yakiharibika sekunde ya kumi, unapanga upya dhumna na kuanza tena. Yakiharibika baada ya piano, una piano ya kuinua, runinga nyingine ya kutafuta na rangi ya kufuta.

Na yaliharibika kwelikweli. Katika siku mbili za kurekodi, walianza upya zaidi ya mara 60 ili wapate video isiyofika hata dakika nne. Ilitoka Machi 2010.

Ukiitafuta kuitazama, piano isikuteke macho peke yake. Zitazame vizuri zile dhumna za mwanzo: kila jaribio lililoshindikana, ni zenyewe zilizopangwa upya kwa mkono, moja baada ya nyingine.