Mota ya Umeme Yataka Nahodha Asiye na Haraka

Mwaka 1881, jijini Paris, Gustave Trouvé alifunga mota ya umeme ya kilo kama 5 kwenye usukani wa mashua na kuijaribu katika mto Seine. Chombo kilikwenda. Mota yenyewe ilikuwa nyepesi tangu siku hiyo. Uzito ulikuwa kwenye betri, na betri ndiyo iliyochelewesha mashua za umeme kwa zaidi ya karne moja. Lithiamu imepunguza tatizo hilo, haijalimaliza.

Tuchukue mfano wa Torqeedo Travel 1003, kutoka kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 2005 huko Starnberg. Ina nguvu ya kilowati 1, betri yake hubeba wati-saa 915, na vyote pamoja ni karibu kilo 15. Betri huchomolewa, kwa hiyo mtu mmoja huweza kuishusha chomboni na kwenda nayo nyumbani. Watengenezaji waliilinganisha na mashine ya petroli ya nguvu za farasi 3, ingawa kwa hesabu ya karatasi kilowati 1 haifiki farasi moja na nusu. Siri iko kwenye rafadha: ikiwa kubwa na ikazunguka taratibu, husukuma maji mengi kwa upotevu mdogo.

Lakini anayeamua zaidi ni maji. Chombo cha mita 4 kinachokata maji bila kupaa juu yake hufika kikomo karibu na kilomita 9 kwa saa, kwa sababu hapo huwa kinapambana na wimbi lake chenyewe. Hata chini ya kikomo hicho, nguvu hupanda haraka kuliko mwendo. Ukitaka mwendo mara mbili, unahitaji nguvu kama mara nane. Hesabu hiyo ukiigeuza inakuwa neema: punguza mwendo nusu, safari itachukua muda mara mbili, lakini itakula robo tu ya umeme. Mota hiyo ikisukumwa kwa wati 1,000, betri huisha kabla ya saa moja kutimia. Ikiendeshwa kwa wati 250, hudumu saa tatu na nusu, na mwendo umepungua kwa kama theluthi tu.

Petroli ina ubora wake. Lita moja ina nishati ya kama kilowati-saa 9, yaani mara kumi ya betri hiyo. Mashine ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto, sawa, ila dumu la akiba halina shida kulibeba. Ndiyo maana mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, anayekwenda mbali usiku na nyavu na wenzake, simshauri mota ndogo kama hii.

Namshauri mwenye ngalawa. Kusi na kaskazi humfanyia kazi ndefu bure. Anachokosa ni nguvu ya kutoka bandarini, kupita kati ya vyombo vilivyotia nanga, na kurudi shwari inapomkamata. Kazi hizo ni fupi na za polepole. Hapo mota hulisaidia tanga, wala haishindani nalo. Vivyo hivyo kwa anayetembeza wageni kwenye mikoko, ambako ukimya ni sehemu ya anachouza.

La kuogopa ni mkondo. Chombo cha kilomita 5 kwa saa, mkondo wa kilomita 3 ukiwa nyuma yake, humaliza kilomita 2 kwa dakika 15. Kurudi njia hiyo hiyo dhidi ya mkondo huchukua saa nzima. Kwa hiyo anza kwa kupambana na maji, rudi ukisaidiwa nayo, na kafi lisikose chomboni.

Kuhusu chaji, paneli ya wati 100 kwa siku ya jua zuri huweza kutoa kama wati-saa 400 baada ya upotevu; betri iliyokauka itasubiri zaidi ya siku mbili. Baharini, suuza mota kwa maji baridi na ukague zinki yake inayoikinga na kutu mara kwa mara.

Kabla ya kuuliza bei, pima safari yako: umbali wake, mkondo wake, na mwendo unaoweza kuuvumilia. Ikizidi nusu ya uwezo wa betri, usinunue.