Wazazi tunaowasikia zaidi, je, ndio walio wengi?

Liko swali ambalo wazazi wengi hujiuliza kimoyomoyo na wachache tu hulitamka: mbona wenzetu wote wanaweza? Wenzetu wote wanasomesha katika shule za mchepuo wa Kiingereza, wanalipia gari la shule, wananunua maziwa ya kopo, na watoto wao wanapomaliza chekechea wanafanyiwa mahafali yenye keki na mpiga picha. Mzazi wa Mpemba anayeishi kwa kipato cha siku huyasikia haya, akarudi nyumbani akiamini kwamba ni yeye peke yake aliyebaki nyuma.

Katika makala haya tunalichunguza neno moja la swali hilo, nalo ni neno "wote". Je, wazazi tunaowasikia wakizungumzia malezi, katika mikutano ya shule, katika shughuli na katika simu zetu, ni kielelezo cha familia za kawaida? Au ni kundi la wenye nacho, ambalo sauti yake imefika mbali kuliko idadi yake?

Mji wa mpakani

Mpemba ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Ileje hadi Isongole, mpakani mwa Malawi. Ukiifuata barabara kuu unaingia Tunduma, na ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia. Reli ya TAZARA nayo inauvuka mpaka huo huo, na tangu Oktoba 2019 forodha za nchi mbili zinafanya kazi katika kituo cha pamoja. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,344,687 mkoani Songwe, na wengi wao riziki yao inatoka shambani au katika biashara ndogo.

Mji wa mpakani una tabia yake: utajiri wake huonekana haraka. Maduka ya jumla, maghala ya nafaka, malori na nyumba za ghorofa vyote viko kando ya barabara, mbele ya macho ya kila apitaye. Nyuma yake wanaishi walio wengi: kibarua anayepakia magunia, mama lishe anayewapikia madereva waliokwama foleni, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, na mkulima anayeuza mahindi wakati wa mavuno kwa bei ya chini kwa sababu ada ya mtoto haingoji. Anayetembea barabarani tu, akahesabu kwa macho, atadhani Mpemba nzima ni ya wafanyabiashara.

Nani ana nafasi ya kusema?

Hali ni hiyo hiyo katika mazungumzo ya malezi, na sababu zake hazijajificha.

Ya kwanza ni wakati. Mkutano wa wazazi ukiitishwa asubuhi ya siku ya kazi, anayehudhuria ni yule mwenye duka linalouzwa na msaidizi, au mwenye ajira inayompa ruhusa. Mama lishe akifunga banda lake asubuhi, siku hiyo watoto wake watakula nini? Kwa hiyo hayupo, na uamuzi wa mchango unapitishwa kwa jina la "wazazi wote".

Ya pili ni nyenzo. Simu janja, bando la intaneti na utulivu wa kukaa jioni kusoma na kuandika ni vitu vinavyonunuliwa. Mzazi mwenye simu ya kitochi hana picha ya kutuma wala anayemwona. Picha za malezi zinazotupitia mikononi zimeshachujwa na kipato kabla hazijatufikia.

Ya tatu ni haya. Aliyefanikiwa hueleza, aliyeshindwa hunyamaza. Mzazi aliyemhamishia mtoto shule ya bweni atalitaja jambo hilo mbele ya watu bila hata kuulizwa. Mzazi aliyemrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa ada halitangazi msikitini. Hivyo masikio yetu yanapokea upande mmoja tu wa hesabu.

Basi jibu la swali letu ni kwamba, kwa kawaida, wanaosikika zaidi katika mazungumzo ya malezi wana uwezo kuliko mzazi wa kati. Tunalisema hili bila kuwalaumu. Wengi wao ni watu wema wanaotaka kusaidia, na ushauri wao mara nyingi ni sahihi. Kosa linaingia pale msikilizaji anapoyafanya maisha yao kuwa kipimo cha wajibu wake.

Takwimu zinasemaje?

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulionyesha kwamba wastani wa matumizi ya kaya Tanzania Bara ulikuwa shilingi 416,927 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha kaya nzima: chakula, kodi, mavazi, matibabu, nauli na shule. Utafiti huo ulikuta asilimia 26.4 ya wananchi wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa katika shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Vijijini walikuwa asilimia 31.3, mijini asilimia 15.8.

Bei zimepanda tangu wakati huo na mishahara nayo imesogea. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Hata hivyo sura ya jumla inaeleweka. Anayelipa milioni mbili kwa mwaka kwa ajili ya mtoto mmoja hayuko katikati ya Watanzania. Yuko juu, hata kama yeye mwenyewe hajioni hivyo kwa sababu marafiki zake wote wanalipa kama yeye.

Na neno "wastani" lenyewe linahitaji tahadhari. Chukueni mtaa wa nyumba kumi. Nyumba tisa zinaingiza shilingi 300,000 kila moja kwa mwezi, na ya kumi, ya mfanyabiashara wa nafaka, inaingiza 5,000,000. Jumla ni 7,700,000, na ukigawa kwa kumi unapata 770,000. Katika mtaa huo hakuna hata nyumba moja inayopata 770,000. Tisa ziko chini ya wastani kwa mbali, na mmoja yuko juu yake kwa mbali zaidi. Kamati ikipanga mchango kwa kuutazama wastani huo, imewapangia watu wasiokuwepo.

Je, fedha ndiyo malezi?

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusema kuwa fedha si kitu. Fedha hununua dawa, daftari, chandarua na chakula bora, na mtoto wa nyumba yenye uwezo kwa jumla ana nafasi kubwa zaidi ya kukua vizuri. Hata hivyo fedha na chakula havitoshi peke yake, na ushahidi uko jirani na sisi.

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kitaifa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, asilimia 57 hivi, kisha Njombe na Rukwa, zote zikikaribia asilimia 50. Hii ni mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ghala la chakula la taifa. Mahindi yamejaa, lakini mtoto anakula uji mtupu, na mama yuko shambani kutwa nzima, kwa hiyo mtoto hulishwa mara chache. Kinachopungua katika nyumba nyingi za namna hii ni mchanganyiko wa chakula, muda wa mama na msaada wa baba. Yai, maharage, dagaa na mboga za majani vinapatikana katika soko lolote la kwetu, na bei yake haifiki ya kopo moja la maziwa ya unga.

Gharama ya kujilinganisha

Mzazi akiamini kwamba kila mtu anaweza isipokuwa yeye, hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaokata tamaa, wakaacha hata lile dogo lililo ndani ya uwezo wao. Wapo wanaokopa. Mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu" imeingia katika nyumba za Waislamu kwa mlango wa watoto: sare mpya, mahafali, nguo za Idi. Riba, ambayo Mwenyezi Mungu (SW) ameiharamisha kwa makemeo makali, inakaribishwa ndani ya nyumba ili mtoto asionekane mnyonge siku moja ya furaha. Marejesho yakishindikana kinachoondoka ni godoro, cherehani, au amani kati ya mume na mke.

Liko pia jambo la watoto wa nyumba moja. Mzazi hujikaza akampeleka mtoto wa kwanza shule ya gharama, na wadogo zake wanne wakabaki bila viatu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo Bashir, baba yake Nu'man, alimpa mwanawe mmoja bila kuwapa wengine mfano wake. Wanazuoni wametofautisha zawadi na matumizi ya lazima, kwani mahitaji ya watoto hayafanani. Lakini roho ya mafundisho hayo inamhusu kila mzazi anayepanga bajeti: uwezo wa nyumba ni wa watoto wote.

Kipimo alichotuwekea Mola wetu

Sharia haikumwacha mzazi bila kipimo. Katika Surat At-Talaq, aya ya 7, mwenye wasaa ameamrishwa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichopewa. Aya ya 233 ya Surat Al-Baqara, inayozungumzia kunyonyesha na wajibu wa baba, inasisitiza kuwa hakuna nafsi inayobebeshwa zaidi ya iwezavyo. Hind bint Utba (RA) alipolalamika kuwa mumewe, Abu Sufyan, hampi cha kumtosha yeye na watoto, Mtume (SAW) alimruhusu achukue kinachotosha kwa wema. Kipimo kikawa kutosheka kwa familia, na matumizi ya jirani hayakutajwa.

Mtume (SAW) ametufundisha pia kuwatazama walio chini yetu katika mambo ya dunia, kwani hilo linatusaidia tusiidharau neema tuliyo nayo. Mafundisho haya hayampi baba mvivu kisingizio. Mwenye uwezo akawanyima watoto wake ana dhambi, na qanaa haina maana ya kukaa kijiweni kutwa. Wala hayampi tajiri kisingizio cha kumwambia maskini asubiri huku zaka yake haijatoka.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa jamaa zetu, Mpemba na kwingineko.

Kamati za madrasa na shule zipange mikutano kwa saa ambazo kibarua na mama lishe wanaweza kufika, kwa mfano baada ya swala ya Isha au siku isiyo ya gulio. Kabla mchango haujapitishwa, wazazi waulizwe kwa faragha wanachoweza, si kwa kunyoosha mikono mbele ya watu. Michango iwe na ngazi, na pengo lijazwe na wenye wasaa bila majina kutangazwa.

Anayetoa ushauri wa malezi ataje na gharama yake. Ukisema shule fulani ni nzuri, sema na ada. Ukisifu chakula fulani, sema na bei. Msikilizaji atajua mapema kama jambo hilo linamhusu. Na yule asiye nacho asiache kusema: namna ya kumlaza mtoto mapema, kumfundisha Juzuu Amma jioni bila mwalimu wa kulipwa, au kupika uji wenye lishe kwa fedha kidogo, ni elimu ambayo hata tajiri anaihitaji.

Wazazi wajue pia haki yao. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Kusomesha shule ya serikali si aibu, na mtoto anayekaguliwa daftari na wazazi wake kila jioni ana mtaji ambao hauuzwi. Sare na vitabu vya wakubwa vikikusanywa msikitini mwishoni mwa mwaka na kugawiwa kwa staha, nyumba nyingi zitapumua.

Mwisho, kila nyumba iandike hesabu yake: kinachoingia, kinachotoka, deni na akiba. Mume na mke wakae nayo pamoja mara moja kwa mwezi. Karatasi hiyo moja itawaeleza wajibu wao kwa watoto kwa ukweli zaidi kuliko picha yoyote ya nyumba ya mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu (SW) atujaalie riziki ya halali inayotutosha, na watoto walio kitulizo cha macho yetu. Amin.