Asilimia ya Nini?

Katika hesabu zote zimpitiazo mtu, tangu stakabadhi ya dukani hata mkataba wa mkopo, sidhani kama iko itamkwayo kwa wepesi na kufahamika kwa taabu kama asilimia. Na taabu yenyewe haitokani na kuzidisha wala kugawanya, ambako kila aliyepita darasani amekuonja, ila na mazoea ya kuipokea tarakimu peke yake pasipo kuuliza ni sehemu ya kitu gani.

Wazee wa pwani, ambao aghalabu walihesabu kwa kichwa, waliipata hekima ya kuuliza hivyo katika zaka. Sharia ilikwisha kubainisha mali ya kutolewa kabla ya kutaja kiasi: fedha iliyotimiza nisabu, yaani kiwango cha chini kinachopasa zaka, na kupitiwa na mwaka hutolewa asilimia 2.5, na mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa fungu la kumi, ilhali yale yaliyonyweshwa kwa gharama ya mkulima hutolewa nusu ya fungu hilo. Mwenye shilingi milioni 40 hana haja ya mashine, maana fungu la kumi ni milioni 4, na robo ya hilo ni milioni 1, ndiyo zaka yake.

Msingi ukisahauliwa, hesabu hupotoka hata mikononi mwa mjuzi. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, basi bidhaa ya shilingi 100,000 inayotozwa kiwango hicho huuzwa 118,000. Lakini atakaye kuitoa kodi ndani ya bei hiyo, akachukua asilimia 18 ya 118,000, atapata 21,240, kodi ambayo haikutozwa na mtu yeyote. Njia ya haki ni kugawanya 118,000 kwa 1.18, na bei ya asili itarudi kama ilivyokuwa.

Vivyo hivyo muuza nguo aliyepandisha bei ya gauni la shilingi 50,000 kwa asilimia 20 wakati wa sikukuu, akauza 60,000, kisha sikukuu ilipopita akaipunguza kwa asilimia 20 akidhani amerejea alikotoka, atashangaa kuona gauni limekuwa 48,000. Kwani alipandisha juu ya 50,000 na kushusha juu ya 60,000.

Lakini palipo na madhara makubwa ni katika mikopo. Mtu hukopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, alipe kwa miezi 10, na mkopeshaji huipiga asilimia hiyo juu ya deni la awali mpaka mwisho, ingawa kila mwezi mkopaji anarejesha 10,000 za mtaji pamoja na 10,000 za riba. Mwezi wa kwanza riba ni asilimia 10 kweli. Mwezi wa mwisho, deni limebaki 10,000 na riba ni 10,000 ile ile, yaani asilimia mia! Jumla ya riba ni 100,000, ambapo ingalihesabiwa juu ya deni lililosalia, isingalizidi 55,000. Hapo hapana aliyesema uongo. Aliyeumia ni yule ambaye hakuuliza, na wahenga walikwisha kutuusia kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Basi, msomaji, kabla hujatia sahihi yako, muulize mwenye fedha mambo matatu: asilimia hii ni ya nini, ni ya muda gani, na je, inapungua kadiri deni linavyopungua? Kisha mtake aandike jibu kwa shilingi, mwezi kwa mwezi, tangu siku ya kwanza hata ya mwisho. Na akikataa kuandika, usikope kwake.