Rehema Baada ya Hukumu

Mzazi wa Rombo, nchini Kenya, akimuua mwanawe mgonjwa ili kumpumzisha na maumivu, kesi yake haiamuliwi na hakimu wa Loitokitok. Shtaka la mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, yenye kituo mjini Kajiado, na huko huruma haimwondolei hatia. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 9, haijali sababu iliyomsukuma mtu, isipokuwa sheria yenyewe iseme hivyo. Kifungu cha 213 kinaziba hata utetezi wa "angekufa tu": anayeharakisha kifo cha mgonjwa amekisababisha.

Kwa miaka mingi jaji naye alifungwa mikono, kwa kuwa kifungu cha 204 kilimtaka atoe hukumu ya kifo. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kinyume cha Katiba. Adhabu yenyewe ilibaki, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Sasa umri, rekodi na majuto ya mshtakiwa hupimwa kabla ya adhabu kutolewa.

Kanada, kwa upande wake, haikuulegeza ukali wa adhabu ya lazima. Mwaka 1993 Robert Latimer, mkulima wa Saskatchewan, alimuua bintiye Tracy, mwenye umri wa miaka 12, aliyekuwa na mtindio mkali wa ubongo. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani, kisha likapendekeza aweze kuachiliwa baada ya mwaka mmoja. Jaji alikubali kumpunguzia. Lakini Januari 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishikilia kwamba lazima atumikie angalau miaka kumi kabla ya kuomba kuachiliwa kikamilifu kwa masharti, ikikumbusha kuwa rehema ni kazi ya serikali. Mwaka 2018, akiwa tayari nje ya gereza, Latimer aliomba msamaha.

Nchini Kenya ombi kama hilo hupitia Kifungu cha 133 cha Katiba, na mtu yeyote anaweza kuliwasilisha, hata mtoto mwingine wa mfungwa. Rais hufuata ushauri wa kamati ambayo Mwanasheria Mkuu ni mmoja wa wanachama wake. Anaweza kusamehe kabisa au kwa masharti, kubadilisha adhabu iwe nyepesi, au kufuta sehemu yake.

Kamati hiyo inaruhusiwa kuzingatia maoni ya waliodhulumiwa, na hapa ndipo ombi la mzazi huwa gumu kuliko yote, kwani aliyedhulumiwa ni mtoto yuleyule aliyependwa. Katika kesi ya Latimer, mashirika ya watu wenye ulemavu yalisimama mahakamani kusema kwamba uhai wa Tracy ulistahili ulinzi sawa na wa mtoto mwingine yeyote. Yalikuwa na haki. Kwa hiyo ombi linaloeleza usiku wa kukesha na kadi za kliniki tu halitoshi. Mtoto naye aelezwe: alichekeshwa na nini, aliwatambua akina nani, na ni dawa gani ya maumivu ambayo familia iliitafuta ikakosa.