Hesabu za Maradhi Zisisomwe Kama Utabiri

Jioni ya tarehe 30 Aprili 2020 mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Pili na akiishi na mamake mtaani Dandora, alinipigia simu. Shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, na kafyu ilikuwa imetufungia sote milango tangu tarehe 27 ya mwezi huo huo.

"Mjomba," akaniambia hata kabla hatujamaliza kujuliana hali, "Wizara ilisema mwisho wa Aprili tutakuwa elfu kumi. Leo wametangaza mia tatu tisini na sita. Basi hii hisabati tunayofunzwa shuleni ni ya uongo?"

Nilimjibu kwa ukali wa mtu mzima asiye na jibu. Nilimwambia amshukuru Mungu kwamba waliougua ni wachache, avae barakoa, na amsaidie mamake. Kijana akanyamaza, nasi tukaagana.

Swali lake halikuagana nami. Mimi si mwanahisabati wala daktari. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, kadiri nilivyozidi kulitafakari, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kosa lililomkanganya kijana yule lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la hesabu. Nawaandikia walimu na wanafunzi leo kwa sababu kosa hilo bado tunalo, na maradhi mengine hayatachelewa kubisha hodi. Tayari Julai 2024 nchi yetu ilithibitisha kisa chake cha kwanza cha mpox, huko Taita Taveta.

Wataalamu wanapotaka kujua ugonjwa utaeneaje, huunda kielelezo cha hisabati. Jina hili lisitutishe. Nilikulia Dandora katika miaka ya 1980, na kielelezo cha kwanza nilikiona katika ploti yetu ingawa sikukijua kwa jina. Mradi wa Dandora ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwenye kipande cha ardhi alikabidhiwa choo na bafu, kisha akaachiwa kujijengea vyumba kwa uwezo wake. Vyumba vikaongezeka, wapangaji wakajaa, lakini choo kilibaki kile kile na mfereji ule ule.

Ukambi ulipoingia katika ploti hiyo, ulianzia chumba kilichokuwa karibu na lango. Wiki mbili baadaye ukawa katika vyumba vitatu, kisha karibu vyote. Mwishowe ukatoweka. Mama zetu walijua kwamba haukutoweka kwa kuchoka, bali ulikosa mtoto mpya wa kumshika. Waliobaki ama walikuwa wamekwisha kuugua na kupona, ama walikuwa wamechanjwa, ama, kwa huzuni, walikuwa wamezikwa.

Hayo waliyoyajua mama zetu ndiyo yaliyoandikwa kwa lugha ya hesabu mwaka wa 1927 na wataalamu wawili wa Uskoti, William Kermack na Anderson McKendrick. Kermack alikuwa mwanakemia aliyepoteza macho katika ajali ya maabara. McKendrick alikuwa daktari wa kijeshi aliyewahi kufuatana na Ronald Ross hadi Sierra Leone. Huyu Ross ndiye aliyethibitisha kwamba mbu ndiye msambazaji wa malaria, kisha akaonyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua kila mbu: wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, malaria yenyewe itafifia. Kermack na McKendrick waliwagawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaougua na kuambukiza, na waliotoka katika mkumbo kwa kupona au kufa. Kazi ya kielelezo ni kukadiria kasi ya watu kuhama kutoka kundi moja hadi jingine.

Kasi hiyo hupimwa kwa swali moja: mgonjwa mmoja huwaambukiza watu wangapi? Kwa ukambi, mahali ambapo hakuna mwenye kinga, jibu huwa kati ya watu 12 na 18. Ndiyo sababu chanjo yake hudai ifikie takribani watoto 95 katika kila 100. Kwa korona ilipoanza, makadirio mengi yalikuwa kati ya watu wawili na watatu. Jibu likiwa zaidi ya moja, ugonjwa hukua. Likiwa chini ya moja, hufifia.

Sasa turudi kwenye lugha. Mpwa wangu alisema: "tutakuwa elfu kumi." Kiambishi -ta- ni cha wakati ujao, hutoa ahadi au utabiri. Lakini kielelezo cha hisabati hakisemi hivyo. Husema: "tukiendelea kukutana kama tunavyokutana leo, tutakuwa elfu kumi." Kuna kishazi tegemezi chenye -ki- ya masharti, na kuna kishazi huru. Makadirio yaliyotangazwa mwishoni mwa Machi 2020 na Dkt. Patrick Amoth, aliyekuwa kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, yalitegemea masharti kama hayo. Yalipopita katika vinywa vyetu na katika vichwa vya habari, kishazi tegemezi kilikatwa na kishazi huru kikabaki pekee. Mwezi ulipoisha tukamwita mtaalamu mwongo kwa sentensi ambayo sisi wenyewe tuliikata kichwa.

Masharti yenyewe yalikuwa yamebadilika. Shule zilifungwa, kafyu ikawekwa, na kuanzia tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku. Nabii Yona alikasirika Ninawi iliposalimika baada ya watu wake kutubu, akiona kwamba neno lake halikutimia. Mtaalamu wa maradhi hana haja ya kukasirika hivyo. Onyo lake huwa limefanya kazi hasa pale ambapo halikutimia.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Wale 396 hawakuwa idadi ya walioambukizwa, bali ya waliopimwa wakapatikana na virusi. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust, walio na kituo Kilifi, walichunguza damu iliyotolewa na wachangiaji damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walikadiria kwamba watu 4.3 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na dalili katika damu kwamba virusi vimewapitia. Nairobi makadirio yalikuwa 7.3 katika kila 100. Kwa nchi nzima hao ni zaidi ya watu milioni moja, ilhali orodha ya Wizara kufikia siku hizo ilikuwa haijafika 4,000. Kumbe tulikuwa tukicheka tukiwa ndani ya maji.

Nije sasa kwenye Dandora yenyewe, maana hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Mapema Mei 2020, siku chache tu baada ya simu ile, watafiti waliwahoji wakazi 213 wa mitaa mitano ya Nairobi: Kibera, Huruma, Kariobangi, Dandora na Mathare. Waliwauliza wamekutana na watu wangapi, kisha wakalinganisha na hali ya kabla ya korona. Walipata kwamba kugusana kulikuwa kumepungua kwa asilimia 62. Wakaingiza tarakimu hizo katika kielelezo, na jibu likawa kwamba kiwango cha uambukizaji kilikuwa kimeshuka kutoka 2.64 hadi 0.60.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Kwa kiwango cha 2.64, wagonjwa 100 wangewaambukiza 264, hao wangewaambukiza karibu 700, na kufikia mzunguko wa tano wangekuwa karibu 13,000. Kwa kiwango cha 0.60, wale 100 wangewaambukiza 60, kisha 36, na mzunguko wa tano ungekuwa na wagonjwa wanane tu. Kwa karatasi, ugonjwa ulikuwa umeshindwa Dandora.

Lakini karatasi hiyo hiyo ilikuwa na tarakimu nyingine mbili. Wahojiwa 86 katika kila 100 walikuwa wamepoteza mapato yao yote au sehemu yake kwa sababu ya korona. Na 74 katika kila 100 walikuwa wakila kidogo kuliko kawaida, au wakiruka mlo, kwa kukosa pesa.

Dada yangu alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo, ingawa hakuhojiwa. Biashara yake ni mboga. Majuma ya kwanza alitii, akakaa chumbani na watoto watatu. Mlo wa mchana ukawa wa kukumbukwa tu. Mwishoni mwa Mei alirudi sokoni. Nilipomlaumu kwa simu alinijibu kwa utulivu: "Kaka, wewe mshahara wako unakuja ukiwa umekaa. Wangu hauji." Sikuwa na hoja ya kumrudishia.

Basi ile 0.60 ilikuwa kweli, lakini ilikuwa na kishazi chake tegemezi: "wakiendelea kujifungia hivi." Na kujifungia huko kulikuwa na gharama, iliyolipwa kwa sufuria tupu. Sharti ambalo wenye kulitekeleza hawawezi kulilipia halidumu. Katika Julai na Agosti wimbi la kwanza lilipanda Nairobi, kielelezo kikiwa hakijakosea hesabu hata moja.

Oktoba 2021, Samuel Brand, John Ojal na wenzao walichapisha katika jarida la Science kielelezo cha mawimbi ya Kenya. Walipowachukulia Wakenya kama kundi moja, mawimbi mawili ya mwaka wa 2020 hayakueleweka. Walipowagawa katika makundi mawili kwa hali ya maisha, yakaeleweka. Wenye kipato cha chini hawakuweza kupunguza kukutana kwa muda mrefu, na wimbi la kwanza likawapitia wao zaidi. Wenye uwezo walijihifadhi kwa miezi kadhaa. Walipoanza kutoka, wimbi la pili likawakuta wengi wao hawana kinga. Amri ya "kaeni nyumbani" ilitolewa kwa Kiswahili kimoja, lakini ilisikilizwa na nchi mbili.

Hata neno "nyumbani" lilistahili kuchunguzwa. Katika hesabu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Dandora, kaya kumi hula vyungu kumi lakini hushika komeo moja la choo. Virusi havifuati chungu; hufuata komeo. Isitoshe, kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu ya jinsi watu wa mitaa ile walivyokuwa wakikutana kabla ya korona, watafiti walilazimika kulinganisha na takwimu za mahali pengine, zikiwemo za mashambani Kilifi, ambako miaka kadhaa nyuma watu waliandika katika daftari kila waliyekutana naye kwa siku. Siwalaumu, walitumia kilichokuwepo na wakasema hivyo waziwazi. Nasema tu kwamba kila tarakimu huanza kama neno ambalo mtu fulani aliamua maana yake.

Walimu wataniuliza kuhusu shule. Julai 2020 Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu na ambaye sasa ni marehemu, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, na mengine yote Januari 2021. Kielelezo cha 2021 kilionyesha kwamba kufunguliwa kwa shule kuliongeza maambukizi kwa kiasi kidogo tu. Ni rahisi leo kunyanyua tarakimu hiyo na kuwasuta waliofunga, lakini tukifanya hivyo tutakuwa tumekata kishazi tena. Machi 2020 hakuna aliyekuwa na takwimu hizo. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba hasara ya watoto kukaa nje ilipaswa kuwekwa katika mizani ile ile iliyowekwa hofu ya ugonjwa, na kwamba masharti yakibadilika hesabu hurudiwa.

Nawaomba walimu mambo mawili. Kwanza, mpeni kila mwanafunzi daftari aandike kwa siku moja watu wote aliozungumza nao au kugusana nao, kuanzia foleni ya maji hadi matatu. Mwalimu wa Hisabati atapata somo la wastani na vipeo, na darasa litaona njia ambayo ugonjwa ungepitia. Pili, mwalimu wa Kiswahili anapofundisha -ki-, -nge- na -ngali-, asitosheke na mifano ya mvua na mavuno. Alete makadirio kutoka gazetini, awaulize wanafunzi: sharti la sentensi hii liko wapi? Ni nani anayetakiwa kulitekeleza? Na ana uwezo wa kulilipia?

Mwaka jana nilimtembelea dada yangu nikamkuta mpwa wangu, ambaye sasa ni kijana mkubwa mwenye ndevu. Nilimwomba radhi kwa jibu la ile simu, kisha nikamweleza haya niliyoyaeleza hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akamtazama mamake aliyekuwa akipanga sukuma wiki kwa ajili ya soko la alfajiri, akasema, "Basi mjomba, siku ile ungeniambia tu hukujua."

Kweli, ningemwambia.