Mahali, Nafasi na Skeli: Dhana za Msingi za Jiografia katika Bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam

Jiografia hutofautiana na taaluma nyingine kwa maswali inayouliza zaidi kuliko kwa vitu inavyovichunguza. Mvua huchunguzwa na mtaalamu wa hali ya hewa, udongo na mtaalamu wa kilimo, na makazi na mwanasosholojia. Mwanajiografia huwaza juu ya hayo yote akiuliza: kitu hiki kiko wapi, kwa nini kiko hapo na si kwingine, na kuwapo kwake hapo kunaathiri nini kwingineko? Ili kuyajibu maswali hayo hutumia dhana chache, zikiwamo mahali, nafasi, umbali, kanda na skeli. Vitabu vya kufundishia huzifafanua moja baada ya nyingine, kana kwamba zina uzito sawa. Makala hii inazifafanua kwa pamoja kupitia bonde la Mto Msimbazi, na inajenga hoja kwamba skeli ina nafasi ya pekee miongoni mwazo, kwa kuwa uteuzi wake ndio unaoamua dhana nyingine zitaonesha nini na zitaficha nini.

Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, Kisarawe, hupokea maji ya mito midogo kama Ubungo na Sinza, hupita katikati ya mitaa yenye watu wengi na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda, penye mikoko. Katika sehemu yake ya chini uko uwanda wa Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro huvuka bonde kati ya Magomeni na katikati ya jiji. Anayepita hapo wakati wa masika hudhani jina hilo lilitolewa kwa mzaha. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa zilisababisha mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini, na kaya nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, viungani mwa kaskazini-magharibi.

Dhana ya mahali ina tabaka tatu. Kwanza, mahali ni nukta katika gridi ya dunia: Jangwani ipo karibu na latitudo 6°48′ Kusini na longitudo 39°16′ Mashariki. Pili, mahali hutambulika kwa uhusiano wake na kwingine, yaani chini ya Magomeni na mwendo mfupi wa miguu kutoka soko la Kariakoo. Tatu, mahali ni pale ambapo watu wamepapa maana kwa kuishi, kuzika, kuuza na kusalimiana. Tabaka hili la tatu ndilo Yi-Fu Tuan alilolisisitiza mwaka 1977 alipotofautisha mahali na nafasi: kwake, nafasi hugeuka mahali kadiri binadamu anavyoizoea na kuithamini.

Sarufi ya Kiswahili inatoa nyenzo ambayo wanajiografia wanaoandika kwa lugha nyingi nyingine hawanayo. Neno mahali lina asili ya Kiarabu, lakini limeingizwa katika ngeli ya mahali na kutawala upatanisho wa PA: mahali pazuri, mahali pale. Ngeli hiyo hutofautisha PA ya mahali dhahiri, KU ya mahali pasipo mpaka bayana, na MU ya ndani. Kwa hiyo mpimaji anayesimama kwenye alama yake husema pale bondeni pana maji. Msikilizaji wa redio aliyeko Mbezi husema kule bondeni kuna maji. Na mama anayetoa godoro nje husema mle chumbani mna maji. Mafuriko ni yale yale, ila kila msemaji amekwisha kuchagua mtazamo wake kabla hajatoa hoja yoyote. Nafasi, kwa upande wake, ni istilahi yenye utata, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida hubeba pia maana ya fursa na wasaa. Hapa inatumika kwa maana ya upana unaopimika, ambamo vitu vimetawanyika na kuhusiana.

Umbali hauhitaji maelezo marefu. Kanuni aliyoitoa Waldo Tobler mwaka 1970, kwamba vitu vyote vinahusiana lakini vilivyo karibu vinahusiana zaidi, inaeleza mengi, mradi ukaribu usipimwe kwa kilomita pekee. Maji yanapofunika barabara pale Jangwani, Magomeni na Kariakoo huwa mbali kwa saa kadhaa ingawa hakuna aliyezisogeza. Vivyo hivyo, kutoka Jangwani hadi Mabwepande ni kilomita nyingi kwa mstari ulionyooka. Lakini kwa mchuuzi aliyezoea kwenda sokoni kwa miguu alfajiri, umbali huo ulikuwa nauli ya kila siku na mtaji uliopotea. Ndiyo sababu kurejea bondeni kwa baadhi ya waliohamishwa hakupaswi kuitwa ukaidi kabla ya kuupima umbali kwa kipimo chao.

Kanda ni sehemu ya dunia inayotengwa kwa sifa fulani, na hutegemea anayeitenga. Kwa sifa ya utawala, bonde la Msimbazi limegawanyika kati ya Mkoa wa Pwani na Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa sifa ya mtiririko wa maji ni kanda moja, kwa kuwa tone linaloanguka Pugu halibadili njia linapofika mpaka wa wilaya.

Skeli inahitaji maelezo zaidi, hasa kwa sababu matumizi yake ya kila siku hupingana na ya kitaalamu. Katika ramani, skeli kubwa huonesha eneo dogo kwa undani, na skeli ndogo huonesha eneo kubwa kwa muhtasari. Katika ramani ya 1:50,000, ambayo ndiyo ya kawaida kwa ramani za topografia za Tanzania, sentimita moja ni mita 500. Nyumba yenye upana wa mita 10 ingekuwa milimita 0.2, yaani isingeonekana. Katika ramani ya 1:2,500 nyumba hiyo hiyo ina upana wa milimita 4. Inaweza kuchorwa, kupewa namba na kulipwa fidia. Mkazi ambaye hayumo ramanini si rahisi kuwamo katika mpango.

Zaidi ya ramani, skeli ni kiwango ambacho chanzo cha jambo hutafutwa. Kwa skeli ya nyumba, sababu ya mafuriko ni msingi mfupi na mfereji ulioziba taka. Kwa skeli ya mtaa, ni ujenzi ndani ya uwanda ambao mto huutumia unapofurika. Kwa skeli ya bonde zima, ni ardhi iliyoachwa wazi huko juu, paa na lami zinazozuia maji kupenya ardhini, na mchanga unaosombwa hadi Jangwani na kuinua sakafu ya mto. Bahari inapojaa, maji hayo huchelewa kutoka. Kwa skeli ya kanda ya Afrika Mashariki, ni mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi yanayozidisha mvua za vuli katika baadhi ya miaka. Maelezo hayo yote ni ya kweli kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kila moja linamtaja mhusika tofauti: mwenye nyumba, manispaa, wakazi na wawekezaji wa juu ya mto, au hali ya hewa isiyoshitakiwa na yeyote. Anayechagua skeli ya nyumba, hata bila kukusudia, amemwelekezea lawama anayeishi bondeni.

Jambo hili halikubaki la kinadharia. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora mifereji, njia na nyumba za mitaa inayofurika, kwa undani ambao ramani zilizokuwapo hazikuwa nao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha Dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya uendelezaji wa bonde, ukiwamo ujenzi wa daraja jipya Jangwani na uhamishaji wa kaya. Daraja linasanifiwa kwa skeli ya bonde, kwa kuwa urefu wake hutegemea maji yatokayo Pugu. Fidia hukokotolewa kwa skeli ya kiwanja, kwa mita za mraba na thamani ya jengo. Kati ya skeli hizo mbili upo mtaa, wenye wateja wa mchuuzi, jirani anayelea mtoto mchana na mikopo ya vikoba. Mtaa hauna mstari wake katika jedwali la uthamini, na ni katika kiwango hicho ambapo utafiti wa kijiografia kuhusu Msimbazi bado una kazi kubwa ya kufanya.